Kiwango cha Pombe Katika Damu na Imani ya Mnywaji Mzoefu

Kilevi kikishapita tumboni na kufyonzwa, hasa katika utumbo mwembamba, huenea katika maji ya mwili mzima. Kwa hiyo kiwango chake katika damu hutegemea kiasi kilichonywewa, wingi wa maji hayo, na muda ambao ini limepata kukivunja. Chakula huchelewesha ufyonzwaji. Anayekunywa bila kula hupanda haraka na kufika juu zaidi. Hayo yanafahamika.

Kinachostahili kupingwa kwa kirefu ni imani ya vilabuni kwamba mnywaji mzoefu, kwa kuwa hapepesuki, hana pombe nyingi mwilini. Mhadhiri mmoja aliwahi kuisikia ikitetewa kwa kiapo na dereva wa lori mwenye umri mkubwa, aliyeamini kifua chake kipana kuliko kipimo chochote. Hoja hiyo inachanganya ubongo na damu. Ubongo uliozoea hujifunza kuficha dalili, lakini damu haifichi kitu. Ni kweli kwamba ini la mnywaji wa kupindukia huvunja kilevi kwa kasi zaidi kuliko la wengine, mradi halijaharibika. Hata hivyo, kasi hiyo haifuti chupa anazoongeza kwa sababu tu hajihisi amelewa.

Aliyeliweka jambo hili katika hesabu ni Erik Widmark wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden. Mwaka 1922 alitoa njia ya kupima kilevi kwa matone machache ya damu kutoka kidoleni, na mwaka 1932 akachapisha Berlin kitabu ambacho hadi leo ni nguzo ya fani hii. Uzuri wa kazi yake ni wepesi wake: gramu za kilevi zigawanywe kwa uzito wa mtu uliozidishwa kwa kigezo cha mwili, ambacho kwa wastani ni 0.68 kwa wanaume na 0.55 kwa wanawake. Chupa mbili za nusu lita za bia ya asilimia 5 zina takriban gramu 40. Kabla ini halijapunguza chochote, mwanamume wa kilo 70 hufikia gramu 0.84 kwa kilo ya damu. Mwanamke wa uzito huohuo, 1.04. Tofauti hiyo haitokani na udhaifu: mwili wa mwanamke kwa kawaida una mafuta mengi na maji machache zaidi. Uzoefu haumo popote katika hesabu hiyo.

Kwa wastani ini hupunguza miligramu 15 hivi kwa kila mililita 100 za damu kwa saa. Kahawa na maji baridi haviongezi kasi. Nchini Tanzania kikomo cha dereva ni miligramu 80. Aliyefikia 180 saa sita usiku, saa kumi na mbili asubuhi bado ana takriban 90, hata akishika usukani bila mkono kutetemeka.