Mkulima wa Subukia Aliyetupiwa Sarafu Thelathini

Leo tumzungumzie mkulima mmoja Mzungu, Michael Blundell, maana siasa zake zilifika hadi mashambani mwetu Kisii.

Alizaliwa London mwaka 1907, akaja Kenya 1925, kijana wa miaka 18, kujifunza ukulima. Baadaye akapata shamba Subukia, kwenye ardhi ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kuimiliki. Mwaka 1948 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na 1955 akawa Waziri wa Kilimo.

Kabla ya hapo mazao mengi ya pesa yalikuwa ya walowezi. Kisii, pamoja na Meru na Embu, iliruhusiwa kupanda kahawa tangu miaka ya 1930, lakini kwa kupimiwa. Mpango wa Swynnerton, wa serikali ya kikoloni mwaka 1954, ndio uliomfungulia mkulima mdogo kahawa, majani chai na pareto, na Blundell akausimamia akiwa waziri. Nisikufiche: serikali haikufanya hivyo kwa huruma. Vita vya Mau Mau vilikuwa vimepamba moto, nayo serikali ilitaka mkulima ashibe asiingie msituni. Jasho lilikuwa la wazee wetu, hasa akina mama, waliochuma pareto ua kwa ua kwenye baridi ya milima ya Gusii, wakiwa miongoni mwa wakulima walioifanya Kenya iongoze duniani kwa zao hilo.

Mimi namheshimu Blundell kwa yale ya baadaye. Mwaka 1960, kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, alikubali Waafrika wawe wengi barazani. Aliporudi Nairobi, mlowezi mmoja alimtupia sarafu 30 kwenye uwanja wa ndege, kumwita Yuda. Kwenye uchaguzi wa 1961 Wazungu wengi walimpa kisogo. Kura za Waafrika ndizo zilizompa kiti. Akarudi Wizara ya Kilimo, na uhuru ulipokuja hakufungasha virago. Aliishi Kenya hadi alipofariki mwaka 1993.

Blundell aliandika maisha yake mwenyewe, kitabu kikatoka 1964. Wazee wetu waliopanda miche ya kwanza ya chai na kupeleka pareto kwenye chama cha ushirika hawajaandikiwa. Wewe kijana unayenisikiliza, huenda wengine wao bado wapo hapo kijijini kwako. Chukua daftari ukawaulize walianzaje, walilipwa pesa ngapi, na nani aliwafundisha.