Watu Kuwa Sawa Katika Dunia ya Mitambo
(Maneno yaliyosemwa Mlalo, Usambara)

Tumeombwa kunena juu ya swali hili: Je, yawezekana watu wakaishi pasipo matabaka, hali dunia imejaa viwanda na mitambo?

Na tuanze na habari ijulikanayo katika milima hii. Wazee husimulia ya kwamba Mbegha alitoka Unguu, naye alikuwa mwindaji. Aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao Washambaa wakampa utawala. Basi cheo chake kilikuwa ujira wa kazi. Lakini wazao wake, Wakilindi, walikipata kwa kuzaliwa tu. Alipokufa Kimweri ye Nyumbai, mwaka 1862, ndugu walipigania utawala, na raia wengi wakauzwa utumwani. Ndivyo tabaka lizaliwavyo: cheo hudumu, na kazi iliyokileta husahauliwa.

Ilipofika mitambo, mambo hayakuwa mbali na hayo. Mkonge uliletwa katika nchi yetu mwaka 1893, na mashamba yake yakaenea huko chini, kandokando ya reli ya Tanga. Kiwanda cha mkonge, kiitwacho korona, hakiendi pasipo mkataji, fundi, karani na meneja. Tofauti hiyo ya kazi haiepukiki. Lakini si mtambo ulioamuru meneja awe Mzungu, na mkataji awe Mwafrika mwenye kipande mkononi. Hayo yaliamriwa na watu. Na lililoamriwa na watu, watu waweza kulitangua.

Baada ya Uhuru tulijaribu. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulikomeshwa kwa sheria. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha: viongozi wakakatazwa kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili, na kupangisha nyumba. Mwaka huo huo Serikali ikatwaa mashamba mengi ya mkonge. Hata hivyo mkataji alibaki mkataji, na meneja mpya, ijapokuwa ni Mwafrika mwenzake, alikaa juu yake. Kisha, mwaka 1991, masharti ya viongozi yakalegezwa huko Zanzibar. Hata Urusi, iliyopindua wakubwa wake mwaka 1917, ilipata wakubwa wapya, wenye maduka yao mbali na ya raia. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Je, kazi hiyo ilikuwa bure? La, hasha. Leo hakuna sheria impayo mtu amri juu ya jirani yake kwa sababu ya ukoo. Hiyo si faida ndogo.

Basi jibu letu ni hili. Kuzifanya kazi zote kuwa moja hakuwezekani palipo na viwanda. Bali kuzuia cheo kisigeuke urithi kwawezekana, ila kazi hiyo haina siku ya kumalizika. Mtunza fedha wa ushirika na aulizwe hesabu kila mwaka, naye akishindwa aondolewe. Mtoto wa mkata mkonge na apate daftari na mwalimu sawasawa na mtoto wa meneja. Maana akikosa, kazi ya baba itakuwa kifungo cha mwana. Yatupasa kuliangalia jambo hili sisi wenyewe, wala tusingoje mitambo itufanyie.