Kuiadhimisha Siku ya Amani



Siku ya Amani iliwekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1981, na tangu 2002 tarehe yake ni 21 Septemba. Sisi Wakenya twaikumbuka kwa uchungu, maana tarehe hiyohiyo, mwaka 2013, yalianza mashambulio ya Westgate, Nairobi, yaliyoua watu 67.

Basi tuiadhimisheje? Twaona hotuba peke yake hazitoshi. Akina mama wa Wajir, koo zao zilipopigana katika miaka ya 1990, walianzia sokoni: walisimamia kila mwanamke, wa ukoo wowote, auze na kununua bila kusumbuliwa. Kutoka sokoni neno likawafikia wazee, na mapatano yakafuata.

Nasi twawaomba, siku hiyo kila mwanachama amwendee yule asiyesemezana naye, abishe hodi, ampe mkono. Mwenye deni aseme atalipa lini. Mwenye kudai alegeze ukali. Watoto wetu nao wale chakula kwa jirani wa kabila jingine. Mashauri yatakayosalia, wazee wayasikilize jioni.

Ugomvi mdogo usipozimwa nyumbani, hauzimiki barabarani.