Wingi wa Watu na Uzee wa Mfanya Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, Kisiwani Mombasa)



Mwezi uliopita tawi lilitutuma watu sita kwenda kusikiliza mhadhara wa siasa uliofanywa Mji wa Kale, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Kibokoni, na leo tumetakiwa kuleta habari. Mhadhara ulikuwa juu ya hesabu ya watu, juu ya nchi ambazo Serikali zao huwatunza wagonjwa, wazee na wasio na kazi, na juu ya nguvu ya taifa. Wengi wenu mmekwisha kusikia vipande vipande barazani, na vipande hivyo vimezaa maneno. Wako wenzetu wanaosema sasa kwamba katika mapatano yajayo na matajiri tuliache dai la kuwaandikisha vibarua, tudai nyongeza ya mshahara peke yake, na chama kiungane na wale wanaotaka makato yote yafutwe. Kura ya jambo hili itapigwa Jumamosi ijayo. Kwa hiyo hatukuona vema kuwaletea salamu za mhadhara tu. Twataka kuyapima maneno yaliyosemwa kule.

Jina la msemaji hatulitaji, maana hatukuja kumteta mtu. Ni msomi, anasema vizuri, na ukumbi ulijaa hata watu wakasimama mlangoni na vikombe vyao vya kahawa. Maneno yake kwa ufupi yalikuwa haya. Taifa ni watu. Kenya ilipohesabiwa mwaka 1948 ilikuwa na watu milioni 5.4, ilipohesabiwa mwaka 2019 walikuwa milioni 47.6, na katika kila watu wanne, watatu walikuwa chini ya miaka 35. Hiyo, alisema, ndiyo nguvu yetu. Kisha akatupeleka ng'ambo. Japani watu wanapungua. Korea Kusini mwaka 2023 uzazi ulishuka hata 0.72, yaani haufiki mtoto mmoja kwa kila mwanamke. Akauliza, ni nini kilichowafikisha huko? Akajibu mwenyewe: ni Serikali kujifanya baba wa kila mtu. Mwenye pensheni hana haja ya mtoto, na taifa la watu wasio na haja ya watoto hufa. Basi tusiwaige. Kila mtu aachiwe mshahara wake mzima mfukoni, azae, asomeshe, na mtoto ndiye atakayekuwa pensheni yake.

Alipigiwa makofi mengi. Hata baadhi yetu sita tulipiga, kwani ni nani asiyependa kuambiwa aachiwe mshahara wake mzima?

Hesabu zake ni za kweli. Lakini iko hesabu moja ambayo hakuitaja, nayo ni ya hapa hapa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wanane. Katika uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2022 wastani ulikuwa watoto 3.4. Umeshuka zaidi ya nusu. Je, ni pensheni iliyoushusha? Katika nchi hii zaidi ya wafanya kazi wanane katika kila kumi wako katika kazi zisizo rasmi, na walio wengi kati yao hawajui pensheni ni nini. Kilichoushusha kila mama hapa anakijua: wasichana wamekwenda shule, uzazi wa mpango umekuwa kazi ya Serikali tangu mwaka 1967, shamba la kugawanya limekwisha, na karo na kodi ya chumba hazingoji. Watu wamepunguza watoto bila ya kupata pensheni. Sasa msemaji atatueleza nini, iwapo ule mtoto wa kuwa pensheni ni mmoja au wawili, na wenyewe hawana kazi?

Na hiyo Korea aliyoitaja, pensheni yake ya taifa ilianza mwaka 1988 tu, imechelewa, na wazee wake wapatao wanne katika kila kumi walihesabiwa kuwa maskini mwaka 2020, wengi kuliko karibu nchi zote zilizoendelea. Ufaransa kwa upande wake iliwapa wafanya kazi posho ya watoto kwa sheria tangu mwaka 1932, na mpaka leo hutumia fedha nyingi kwa watoto na wazazi. Huko nako uzazi umepungua, lakini umebaki juu sana kuliko wa Korea. Kama posho na pensheni ndizo zinazoua uzazi, ingekuwa kinyume.

Jambo la pili, ndugu zetu, ni hili neno la nguvu ya taifa. Msemaji alilitumia kama kwamba matunzo ni ya wanyonge na nguvu ni ya wengine. Historia haisemi hivyo. Pensheni ya uzee ililetwa Ujerumani mwaka 1889 na Bismarck, mtu wa vita na dola, ambaye hakuna aliyemwita mlegevu. Aliwaogopa wafanya kazi waliokuwa wakijiunga na vyama vya kijamaa, akaona heri mzee wa kiwandani aitegemee Serikali kuliko kuichukia. Waingereza walipokuwa wakipigana na Makaburu Afrika Kusini, kati ya 1899 na 1902, waliona ajabu: vijana wengi wa mijini waliojitokeza kuandikishwa jeshini walikataliwa kwa udhaifu wa mwili. Dola kubwa kuliko zote, watu wake mamilioni, na askari hawapatikani kwa njaa ya utotoni! Mwaka 1906 wakatunga sheria ya chakula kwa watoto wa shule, mwaka 1908 pensheni ya shilingi tano kwa juma kwa wazee wa miaka 70, mwaka 1911 bima ya ugonjwa na ya kukosa kazi. Walikuwa na vichwa vingi vya kuhesabu tangu zamani. Kilichowapungukia ni miili iliyolishwa.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo tulipotaka kufika.

Mwaka 1942, vita vikiwa vikali, Waingereza walitoa taarifa ya Beveridge ya kumlinda mtu tangu kuzaliwa mpaka kufa, na mwaka 1945 Bunge lao likapitisha posho ya watoto. Moja ya sababu zilizosemwa ni hofu ya uzazi kupungua. Wakati ule ule, hapa Kilindini, chini ya bendera ile ile, mshahara wa Mwafrika ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke. Ya kwamba ana mke na watoto walijua. Walisema mke na watoto watalishwa na shamba la nyumbani, na yeye akizeeka au akivunjika mguu atarudi huko huko. Tulitazame jambo hili vizuri. Lile shamba lilikuwa ndilo bima, ndilo pensheni na ndilo posho ya watoto, nalo lililipwa na mama mwenye jembe. Tajiri alipata nguvu ya kijana bila ya kulipia utoto wake wala uzee wake. Watoto wengi walikuwapo, na faida ya wingi huo ilikwenda kwa mwenye meli.

Wazee wetu hawakulikubali. Mwaka 1939 waligoma, na nyumba ikiwa katika madai yao. Tarehe 13 Januari 1947 mji mzima ulisimama: makuli, watu wa reli, wapishi, wafagiaji, wapatao elfu kumi na tano, wakikutana kila siku katika kiwanja walichokiita Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo kilipozaliwa chama cha African Workers' Federation kilichoongozwa na Chege Kibachia, ambaye kabla ya mwaka kwisha alikamatwa akahamishwa mbali. Mwaka 1954 kamati ya Serikali, iliyoitwa ya Carpenter, ilikubali kwa maandishi kwamba mshahara wa bachela haufai, na kwamba yapasa kuelekea mshahara unaotosha mume, mke na watoto. Kukubali huko kulifuata miaka 15 ya migomo.

Halafu nchi ikapata uhuru, na mwaka 1965 ukaundwa mfuko wa taifa wa akiba ya wafanya kazi, NSSF, na mwaka uliofuata bima ya hospitali. Haikuwa pensheni kamili. Mtu alilipwa fungu lake mara moja likesha. Tena kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2023, mchango ulikuwa shilingi 200 za mfanya kazi na 200 za tajiri kwa mwezi, na kila mmoja wetu anajua shilingi 200 zinanunua nini sokoni Kongowea. Kosa hilo tunalikiri kwa niaba ya nchi nzima. Lakini mlango ulifunguliwa, na walioachwa nje ya mlango ni vibarua.

Tunaye mzee mmoja wa Majengo, wengi wenu mnamjua, jina lake tumwachie. Alibeba magunia, baadaye akafanya kazi katika ghala moja, siku kwa siku, miaka zaidi ya ishirini. Katika miaka ya mwisho alikatwa fedha za NSSF kila malipo. Alipokwenda kutazama hesabu yake akakuta miezi michache tu imeandikwa. Fedha zilikatwa, hazikupelekwa. Mzee huyu ana watoto saba, Mungu awaweke. Mmoja yuko Ghuba na hutuma akipata, mmoja anaendesha tuktuk ya mtu, wengine wana watoto wao wenyewe wanaodaiwa karo. Si watoto wabaya. Kwa hesabu ya msemaji wetu, mzee huyu ni tajiri wa pensheni saba. Anangoja fedha za Inua Jamii, zilizoanza kutolewa mwaka 2018 kwa wazee wote wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi, nazo mara nyingi huchelewa. Miaka 70, mwaona, ni umri ule ule wa Bismarck.

Wakati wa maswali alisimama dada yetu mmoja wa tawi, mfagiaji wa kibarua. Alisema, "Bwana msemaji, umetuambia tuzae. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mama apewe miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara mzima. Mimi nilipozaa nililala nyumbani wiki mbili bila ya malipo, niliporudi nikakuta mtu mwingine ameshika ufagio wangu. Taifa lilikuwa wapi?" Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Msemaji alijibu kwamba hilo ni jambo la matajiri wachache wabaya, akachukua swali jingine.

Sisi twaona si jambo la wachache. Ndiyo maana twawaomba tuhesabu pamoja. Mwanachama mwenye mshahara wa shilingi 20,000 hukatwa asilimia 6 ya NSSF, yaani 1,200, asilimia 2.75 ya bima ya afya iliyoanza Oktoba 2024, yaani 550. Na asilimia 1.5 ya nyumba, yaani 300. Jumla 2,050. Ni nyingi, na hatutaki kumdanganya mtu kwamba hazichomi. Manung'uniko juu ya hospitali zinazosema mtambo haufanyi kazi ni ya haki, na chama kitayapeleka mbele. Lakini anayetaka NSSF ifutwe akumbuke kwamba tajiri naye huweka 1,200 juu ya zile zake. Ukizifuta zako, za tajiri hazitakuja mfukoni mwako. Zitabaki kwake, kama zilivyobaki zamani zile za shamba la nyumbani.

Na kwa nini vibarua? Kwa sababu tajiri akiweza kumchukua mtu asiye na mchango, asiye na likizo ya uzazi wala kiinua mgongo, atamwajiri wewe kwa sababu gani? Kila kibarua asiyeandikishwa ni nyundo juu ya mshahara wa aliyeandikishwa. Sheria iko: kifungu cha 37 cha Sheria hiyo ya Ajira chasema kibarua akifanya kazi siku za kufuatana zisizopungua mwezi mmoja, au kazi ambayo haiwezi kwisha chini ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa wa mshahara wa mwezi. Ndiyo maana wengine husimamishwa siku chache kisha wakaitwa tena. Dai letu ni kwamba mapatano yataje mchezo huo kwa jina lake na kuukataza, na kwamba kila mwezi matajiri watuonyeshe risiti za michango waliyoipeleka, pamoja na majina.

Kura ni Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, hapa hapa. Vibarua waliolipia kadi watapiga kura kama wanachama wengine. Kuanzia kesho jioni karani atakaa ofisini na simu ya kutazamia hesabu za NSSF. Kila mtu aje na kitambulisho chake na karatasi zake za mshahara, za miezi mitatu ikiwezekana. Wasio na karatasi waje vile vile, waandike kwa mkono siku walizofanya kazi na jina la msimamizi aliyewaita.