Taa ya Barafu

(Mazungumzo kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya kukutana kwetu shuleni, Mbeya)



Katibu aliniomba niseme juu ya kazi yangu serikalini, yaani misitu. Nimemwomba radhi. Nitasema juu ya kitu kile kilichowekwa pale mezani, ambacho wengi wenu mmekwisha kukigusa, na mmoja nimemwona akikilamba.

Kwetu ni Makete, ambayo kabla ya mwaka 2012 ilikuwa Mkoa wa Iringa. Baridi ya kule mwezi wa Juni na Julai mnaijua. Alfajiri unakuta sakitu, ule umande ulioganda, imetanda nyeupe juu ya majani, na maji ya beseni yamefunga utando kama kioo. Ada yangu ilitoka kwenye viazi vya mama. Nilipokuwa kidato cha pili, sakitu iliviunguza vyote usiku mmoja. Shamba likawa jeusi kama lililopitiwa na moto. Nilirudi hapa muhula uliofuata kwa sababu mama aliuza nguruwe wake wote wawili. Tangu siku hiyo nikaihesabu baridi kuwa adui.

Mwaka 2010 nilikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Finland Mashariki, mjini Joensuu. Kule mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi, na kabla ya saa tisa alasiri limekwisha kuzama. Watu huweka taa za barafu milangoni, na mkesha wa Krismasi huwasha mishumaa makaburini. Desemba yangu ya pili nikapata habari kwamba mama amefariki. Nauli sikuwa nayo. Alizikwa bila mimi. Mzee niliyepanga kwake hakusema mengi. Alinipa ndoo.

Kazi yenyewe ni hii. Ndoo hujazwa maji, ikaachwa juu ya theluji usiku wenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri. Maji huganda kuanzia juu na ubavuni. Theluji iliyo chini huzuia baridi kama blanketi, kwa hiyo katikati na kitakoni hubaki majimaji. Asubuhi unaipindua ndoo, unaimwagia maji ya uvuguvugu ili barafu iachie, unatoboa kitako chembamba, maji yanamwagika, panabaki shimo la mshumaa.

Ya kwanza niliiharibu. Niliiacha siku mbili, ikaganda yote, ikawa gogo, na ndoo ya mwenye nyumba ikapasuka. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi. Jambo hilo nilikuwa nimelikariri humu humu darasani na kupatia alama, wala sikuwahi kuliamini mpaka nilipolipa ndoo ya watu. Ya pili niliichungulia kila baada ya saa chache. Nilipoiwasha mlangoni nilimwambia mama yale niliyotaka kuyasema kaburini, kwa Kikinga, na majirani wakapita wakiniangalia.

Hapa kwetu baridi haitoshi. Hata Kitulo sijapata kuona zaidi ya utando. Hiyo ya mezani nimeigandisha katika friza ya muuza samaki mmoja wa Mafinga, nikaileta ndani ya gunia la maranda ya mbao. Friza hugandisha pande zote, basi tumieni ndoo kubwa, ndani yake kopo dogo lililojazwa mawe lisielee, na maji katikati yake. Siku moja yatosha. Yale maua mnayoyaona ndani ya barafu ni ya viazi.

Kijana mmoja ameniuliza ule weupe ni nini. Ni hewa iliyokuwa ndani ya maji. Barafu ikiganda huisukuma mbele mpaka inakosa pa kwenda. Chemsheni maji kwanza, utapungua.

Naona imeanza kuchuruzika juu ya kitambaa cha walimu. Ndugu Mwenyekiti, naomba taa za umeme zizimwe, tuiwashe sasa.