Tundu Dogo la Jeti

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, ambaye ni fundi wa injini, mbele ya wenzake na wanafunzi wa sasa.)



Wenzangu waliotangulia wamesema juu ya uongozi na uchumi. Mimi ni mtu wa spana, kwa hiyo nitasema juu ya kitu kinachoweza kupotea katika mfuko wa shati: jeti ya kabureta. Ni kipande cha shaba chenye tundu la karibu milimita moja. Hapo ndipo petroli hupimwa kabla ya kuingia katika injini.

Pikipiki nyingi mnazoziona leo mjini Kigoma na Ujiji ni za mipigo minne. Lakini zile za mipigo miwili, kama Yamaha DT na AG100 zilizowabeba mabwana shamba na waganga vijijini, bado zipo, na mashine nyingi za boti zetu ni za aina hiyo hiyo. Katika injini hizi petroli na oili huingia pamoja. Petroli huwaka, lakini pia hupoza pistoni. Ikipungua, oili nayo mara nyingi hupungua, na joto huzidi.

Petroli ikizidi, injini hukohoa, hutoa moshi mwingi, na plagi hutoka nyeusi yenye majimaji. Hasara yake ni pesa ya petroli na plagi. Petroli ikipungua, mambo ni mengine. Injini huwa nyepesi, hukimbia vizuri, na mwenyewe hufurahi akidhani fundi amefanya kazi. Kumbe pistoni inatanuka kwa joto, na mwisho hung'ang'ania silinda. Hapo ndipo tunasema injini imenoki. Kwa hiyo msiamini mlio peke yake. Injini hukimbia vizuri kuliko siku zote ikiwa karibu kufa.

Sasa ninyi wa fizikia nisikilizeni. Ziwa letu liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Mwandiga ukapanda barabara ya Manyovu, au ukaelekea Kasulu, unaingia katika milima ambayo mahali pengi hupita mita 1,500. Huko juu hewa ni nyepesi. Kila injini inapovuta pumzi, hupata hewa pungufu kwa karibu sehemu 7 katika 100 kuliko hapa ufukweni, lakini tundu la jeti ni lile lile. Basi petroli inaonekana imezidi, na pikipiki inachoka mlimani. Fundi wa huko huweka jeti ndogo zaidi, na pikipiki inafufuka. Hilo si kosa. Kosa ni kuteremka nayo ziwani bila kurudisha jeti ya kwanza, maana hapa hewa ni nzito na petroli sasa haitoshi. Mtu aliyepanda na jeti ya ziwani atapata moshi tu. Aliyeteremka na jeti ya mlimani anaweza kununua pistoni. Kwa hiyo shikeni neno hili moja: rekebisha injini kwa ajili ya mahali pa chini kabisa utakapofika.

Tena, mkiteremka mlima mrefu huku mkono wa resi umefungwa, injini huzunguka kwa kasi ikipata oili kidogo mno. Kamata klachi mara kwa mara, au uipe resi kidogo iweze kulainika.

Je, jeti hurekebishwaje? Kwanza hakikisha kwamba kosa si la kitu kingine. Safisha chujio la hewa, angalia mpira wa kabureta kama umepasuka, angalia kitundu cha kifuniko cha tangi, na kimo cha petroli katika bakuli la kabureta. Kisha jua kila sehemu inatawala wapi. Resi ikiwa imefungwa au imefunguliwa kidogo sana, ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Kutoka robo mpaka robo tatu, ni sindano. Kutoka robo tatu mpaka mwisho, ni jeti kubwa. Bandika utepe penye mshikio upate kujua umefungua kiasi gani. Anza na jeti kubwa kuliko unayoitarajia, ushuke namba moja moja, na usibadilishe vitu viwili kwa mara moja. Weka plagi mpya, panda kilima resi ikiwa wazi kabisa, kisha kamata klachi na uzime injini papo hapo. Fungua plagi. Rangi ya kahawia ni njema. Nyeupe ni hatari. Yote hayo yaandike katika daftari.

Jeti iliyoziba hupulizwa kwa upepo. Haichokonolewi kwa waya, maana tundu likishapanuka namba iliyoandikwa juu yake inakuwa ya uongo.

Neno juu ya oili. Wengi huongeza oili wakisema, "Heri izidi." Lakini kinachopita katika tundu ni mchanganyiko, oili ikizidi, petroli inayopita imepungua. Kitabu cha mashine kikisema 50 kwa 1, basi ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, au mililita 200 kwa lita 10. Pima kwa chombo, usikadirie kwa jicho.

Ndugu zangu, pikipiki ikinoki njiani mtu atatembea kwa miguu. Boti inayotoka Kibirizi kwenda Kagunga haina njia ya kutembea. Mashine ikizimika usiku, upepo wa kusini ukivuma, watu waliojaa humo pamoja na watoto wao wanategemea kasia, na majaketi ya kujiokoa kama yamo. Fundi aliyechokonoa jeti kwa waya wakati huo amelala kwake. Vijana mtakaoshika spana, mkumbukeni abiria ambaye hamtamwona. Yeye hakuchagua jeti; aliwaamini ninyi.

Ndugu Mwenyekiti, vijana wenye kutaka kuiona kabureta iliyofunguliwa waje mezani baada ya chakula. Nimeileta, pamoja na jeti zake zote.