Kubadilisha Oili ya Giaboksi ya Otomatiki kwa Gari Lililotembea Sana: Mada kwa Mafundi na Madereva wa Kiboko



Kuna usemi ambao kila fundi wa Barabara ya Mombasa ameusikia: gari likishapita kilomita laki mbili bila kubadilishwa oili ya giaboksi, usiiguse, utaliua. Mwenye gari huusema kwa woga, na fundi huukubali kwa sababu unamwondolea lawama. Nimekuja kuupinga, ingawa si wote. Ndani yake mna ukweli kidogo, na huo ndio unaotuonyesha namna ya kufanya kazi hii. Gari lililotembea sana linahitaji oili mpya kuliko gari changa. Ila halitiliwi kwa pupa, halitiliwi kwa nguvu za mashine, na halitiliwi kabla fundi hajajua giaboksi iko katika hali gani.

Tuitazame barabara yetu kwanza. Hapa Kiboko tuko kwenye mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari. Gari likielekea Nairobi hupita Emali, Sultan Hamud na Salama, na likifika Konza limeshapanda zaidi ya mita 1,600. Sehemu kubwa ya safari hiyo Probox iliyojaa maembe au ndengu huwa nyuma ya lori, ikinyatia, ikichomoka, ikirudi tena nyuma ya lori jingine. Kwenye mwendo wa namna hiyo, kile kifaa kinachounganisha injini na giaboksi, yaani toki konvata, hakifungi. Injini huisukuma giaboksi kwa kuvuruga oili, na nguvu inayopotea katika kuvuruga huko hugeuka joto. Oili ndiyo inayolibeba joto hilo. Oili hiyo hiyo ndiyo inayobana klachi, inayolainisha gia, na inayopita kwenye vijia vyembamba vya bodi ya valvu kuamua gia ipi iingie. Wahandisi wana kanuni ya jumla kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10 hivi, kasi ya oili kuchakaa huongezeka maradufu. Ndiyo maana gari la Makueni linalobeba mzigo mchana wa Februari halipaswi kufuata ratiba ya gari la ofisini.

Wengi wataniuliza: mbona watengenezaji wengine wamesema oili hii ni ya maisha yote? Maisha ya nani? Magari haya hutujia kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na sheria yetu inaruhusu yenye umri usiozidi miaka minane. Hapo ndipo maisha yake ya pili yanapoanza, nayo huenda yakawa miaka kumi na tano zaidi. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, inayoziunda giaboksi zilizofungwa kwenye magari mengi ya BMW, imekuwa ikipendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, hata pale muuza gari aliposema haibadilishwi kamwe. Kati ya anayeuza gari jipya na anayeijua giaboksi kwa undani, mimi namsikiliza wa pili.

Sasa tuje kwenye ule ukweli kidogo. Gari lisilobadilishwa oili kwa miaka mingi huwa na klachi zilizolika, na unga wake huelea ndani ya oili nyeusi au hutulia chini ya sampu. Oili mpya ina dawa za kusafisha. Ukilifunga gari hilo kwenye mashine ya kusukuma oili kwa presha, unauamsha uchafu uliolala na kuupeleka kwenye valvu na solenoidi, mahali ambapo chembe ndogo inatosha kukwamisha kazi. Gari linatoka gereji, linafika Makindu, gia ya tatu haiingii. Mwenye gari anasema oili mpya imemharibia. Ukweli ni kwamba klachi zilikuwa zimekwisha tayari, na namna ya kubadilisha ikaharakisha siku yake. Wengi pia hukumbuka kubadilisha pale tu gia inapoanza kuteleza, kwa hiyo oili inashtakiwa kwa ugonjwa iliokuta umeshaingia.

Kwa sababu hiyo, kazi huanza kabla ya spana. Liendeshe gari mwenyewe likiwa baridi, kisha likiwa limepata moto. Sikiliza kama injini inapiga kelele bila gari kuongeza mwendo, na kama gari linashtuka ukitia D au R. Kisha chomoa dipstiki uifute kwenye kitambaa cheupe. Oili nyekundu au ya kahawia hafifu bado ina heri. Iliyo nyeusi yenye harufu ya kuungua inasema klachi zimechomeka. Yenye rangi ya maziwa ya waridi inasema maji ya rejeta yameingia, na gari hilo halitoki gereji mpaka rejeta ishughulikiwe. Fungua boneti utafute pia sitika za huduma za Japani, maana wengi wetu huzibandua bila kuzisoma. Miaka ya Kijapani huandikwa kwa enzi: H 30 ni 2018, R 3 ni 2021. Ukikuta sitika yenye herufi ATF au CVTF, yaani oili ya giaboksi, pamoja na tarehe na kilomita, umepata historia ambayo muuzaji hakukupa.

Gari likikuonyesha kwamba gia zinateleza na oili imeungua, mwambie mwenye gari wazi, kabla ya kulegeza boliti hata moja, kwamba oili haitaponya na kwamba aanze kuweka akiba ya kufungua giaboksi. Ni maneno mazito kumwambia mtu anayelisha watoto kwa gari hilo. Lakini ni heri ayasikie kwako leo kuliko kuyagundua mwenyewe usiku, amekwama pale Kibwezi na mzigo unaoza.

Likiwa zima, badilisha kwa kumwaga na kujaza, basi. Chukua giaboksi yenye lita 7 kwa jumla. Ukifungua boliti hutoka kama lita 3, zilizobaki zimo ndani ya konvata na mabomba. Ukijaza lita 3 mpya, oili ya zamani hubaki asilimia 57. Liache gari litembee wiki moja au mbili, mwaga tena: asilimia 33. Mara ya tatu: 19. Giaboksi imezoea polepole, uchafu umetoka kidogo kidogo, na hakuna presha ya mashine iliyoingia. Mara ya kwanza shusha sampu, badilisha filta na gasketi, na uzitazame sumaku zilizo chini. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni habari nyingine kabisa, na gasketi isirudishwe kabla mwenye gari hajaitwa aone. Pima kwa jagi ulichokitoa, urudishe kiasi hicho hicho.

Aina ya oili ndiyo inayowakosesha mafundi wengi, na mfano wake ni Probox yenyewe. Ya kwanza, iliyoanza 2002, kama si ya gia za mkono, ina otomatiki ya gia nne na hutumia ATF. Ilipoundwa upya mwaka 2014, Toyota iliiwekea CVT, ambayo ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili na hutumia oili yake peke yake. Magari yana jina moja, umbo linalokaribiana, na yote mawili yamepakia maembe pale stendi. Ukiitia ATF ya kawaida kwenye hiyo ya pili, mkanda unateleza juu ya puli na kuzichubua, na hasara yake hulingana na bei ya giaboksi nzima. Msimbo wa modeli ulio kwenye kibati cha gari ndio unaosema ukweli.

Tusidanganywe na rangi nyekundu. Oili hizi hutofautiana kwa dawa zinazoamua klachi ishike kwa ukali kiasi gani. Mwaka 1949 General Motors ilipotoa kiwango chake cha kwanza, Type A, dawa hiyo ilikuwa mafuta ya nyangumi, na Marekani ilipozuia biashara yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakemia walihangaika kupata kitu cha kushika nafasi yake. Siri ya oili imo kwenye dawa hiyo, na jicho haliioni. Nunueni kwa muuzaji mnayemfahamu, kopo likiwa na muhuri, kwa kuwa makopo matupu hujazwa tena.

Kipimo nacho kina desturi zake. Toyota zenye dipstiki hupimwa gari likiwa moto, injini ikinguruma, gia zimepitishwa zote na kurudishwa P. Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi uliopita. Zisizo na dipstiki huwa na boliti ya kufurikia, na oili sharti iwe kwenye joto alilotaja mtengenezaji, linalosomwa kwa skana. Fundi asiye na skana asiifungue. Amtafute mwenzake aliye nayo, wagawane malipo.

Jambo la maji limesahauliwa mno. Oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, na visima vingi vya Makueni na Kitui vina maji ya chumvi. Tukijaza rejeta kwa maji hayo tunajenga ukoko unaozuia joto kutoka, na chuma kinaliwa mpaka maji na oili vinakutana. Tumieni kulanti, na kwa dharura maji ya mvua yaliyokingwa paani. Anayebadilisha oili ya giaboksi na kuacha rejeta yenye kutu amefanya nusu ya kazi.

Mwisho ni ile oili tunayoimwaga. Mvua ya milima ya Chyulu huzama kwenye miamba ya volkano na kutokea mbali kama chemchemi. Mzima, inayowanywesha watu wa Mombasa, hulishwa hivyo. Ardhi inayopitisha maji haraka hupitisha na oili, na sheria ya mazingira ya mwaka 1999 haituruhusu kuimwaga. Naomba kila gereji iliyopo hapa iwe na mtungi mmoja wenye kifuniko, usiochanganywa na petroli wala maji. Gereji moja peke yake haijazi kiasi cha kumvuta mchukuzi wa taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kutoka mbali. Kiboko, Makindu na Emali tukiweka pamoja, tutampangia siku moja kila mwezi, na napendekeza tuichague siku hiyo kabla hatujatoka ukumbini.